The Rock hakutokea: hasira zangu na WrestleMania 41

The Rock hakutokea. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kuielezea WrestleMania 41, lile onyesho kubwa la mieleka ya WWE lililofanyika Las Vegas Aprili 2025, kwa utulivu, najikuta nimerudi palepale. Wiki saba tulikuwa tunaambiwa kuna njama, kuna roho ya mtu inatakiwa, kuna mkubwa mmoja nyuma ya pazia, The Rock, mwanamieleka aliyegeuka nyota wa filamu, ndiye anayewachezesha wote. Siku yenyewe ikafika, pambano la mwisho kabisa, mkanda mkubwa kabisa wa ubingwa, halafu aliyeshuka ulingoni ni mwanamuziki. Travis Scott. Peke yake.

Kwa ambaye hakufuatilia, mambo yalianzia Toronto, mwanzoni mwa Machi 2025. Cody Rhodes ndiye bingwa. The Rock alikuwa amemwambia waziwazi: nipe roho yako, nikupe kila kitu. Cody akakataa mbele ya watu. John Cena, aliyekuwa ametoka kushinda nafasi ya kugombea mkanda usiku uleule, akamkumbatia Cody kama mtu anayempa mdogo wake moyo. The Rock akapitisha kidole shingoni, ishara ya kummaliza Cody. Na Cena akampiga Cody chini ya kitovu.

Cena! Huyu alikuwa stelingi kwa zaidi ya miaka 20. Uso wake uko kwenye fulana za mitumba, kwenye mabegi ya shule, kwenye madaftari. Kuna watoto wa mtaani kwetu hawajui raisi wa Marekani ni nani lakini wanajua kupunga kiganja mbele ya uso. Akageuka kuwa adui, wala hakutoa neno, alimwangalia tu Cody akiwa chini damu zikimtoka. Mimi nilisimama nikashika kichwa. Sikuwa nimeona kitu kizuri namna ile kwenye mieleka kwa miaka mingi, na hadi leo nasema hivyo, hasira zangu zote pembeni.

Halafu akaenda Ulaya akasimama mbele ya umati uliokuwa unamzomea, akasema ataiharibu mieleka: atauchukua mkanda, atastaafu nao, aende nao nyumbani. Tukaambiwa sababu zake mwenyewe, kwamba mashabiki wamemtumia na kumchosha miaka yote hii. Hapo nikawaambia wapwa zangu, hii Pasaka hatulali.

Kwa saa zetu inaanza saa nane usiku. Usiku wa pili ulikuwa unaamkia Jumatatu ya Pasaka, kwa hiyo angalau hakuna aliyekuwa na kazi wala shule. Tulilipia, tukaweka chai, tukakaa. Dada yangu aliamka kunywa maji akatukuta, akasema tunakesha kwa ajili ya maigizo. Hilo nitalirudia, maana ndiko hasira yangu iliko.

Usiku wa kwanza nauheshimu. Jey Uso alimlazimisha Gunther asalimu amri akachukua mkanda wake wa kwanza wa dunia, na hata mimi ambaye simfuatilii sana nilifurahi. Pambano la mwisho lilikuwa CM Punk, Roman Reigns na Seth Rollins, na Paul Heyman, yule msemaji na mshauri wa wanamieleka, akawasaliti wote wawili waliokuwa wanamtegemea, Punk na Reigns, akaondoka na Rollins. Usaliti ulioandikwa vizuri. Unapouangalia nyuma unaona dalili zote zilikuwepo. Ningesimama hapo ningeipa nane kwa kumi bila kufikiri.

Usiku wa pili ukafunguliwa na Iyo Sky dhidi ya Rhea Ripley na Bianca Belair, na hapa naomba nikae kidogo. Huyu mwanamke wa Kijapani alikuwa ndiye bingwa, lakini wiki nzima nzima zilipita watu wakizungumza habari za Ripley na Belair utadhani mkanda hauna mwenyewe. Hakukuwa na refa wa kuzimia, hakukuwa na mtu maarufu wa kutoka nje, hakuna kiti wala nyundo. Walipigana tu, watatu, kwa kasi ambayo huwezi hata kugeuka kuchukua kikombe. Mwisho Iyo akapanda kwenye kona, akaruka kinyumenyume, akabaki na mkanda wake. Mpwa wangu mdogo wa kike hakuzungumza dakika nzima. Pambano lile peke yake lilirudisha hela yangu.

Saa zikaenda. Kulikuwa na mazuri (Dominik Mysterio, anayezomewa kila anapofungua mdomo, alishinda mkanda wa mabara na uwanja ukamshangilia) na kulikuwa na ya kupitisha muda. Sina shida nayo. Kila onyesho kubwa lina sehemu za watu kwenda chooni.

Kisha Cena na Cody.

Walianza polepole. Nikasema sawa, Cena yuko siku tatu kabla ya kutimiza miaka 48, anapumua, anachezea akili za Cody, watapanda taratibu. Hawakupanda. Dakika zikawa zinapita nikawa nawaangalia wapwa zangu badala ya televisheni, na mmoja alikuwa ameanza kusinzia. Refa akaangushwa, na tunaoangalia mieleka tunajua refa akianguka kuna mtu anakuja. Sote tukakaa wima. Mkubwa wao, aliyekuwa amekesha kwa ajili ya hilo tu, akasema, "Anko, anakuja sasa."

Ukapigwa wimbo wa Travis Scott. Akashuka taratibu, taratibu mno, kama mtu asiye na haraka ya kufika mahali popote, huku wanaume wawili wanamsubiri ulingoni wakijifanya wamechoka. Cody akamtwanga, ni kweli, na kwa sekunde chache tukapiga makofi. Kisha Cody akaushika mkanda, angeweza kumpiga nao Cena na kumaliza kazi, akasita, akauacha, kwa sababu yeye si mtu wa namna hiyo. Cena akampiga chini ya kitovu, akampiga kichwani kwa mkanda uleule, refa akahesabu tatu. Ubingwa wa 17.

"Na The Rock?" akauliza yule mpwa mkubwa. Sikuwa na jibu la kumpa. Hapakuwa na jibu.

Mniwie radhi, lakini rekodi ile ya kuwa bingwa wa dunia mara nyingi zaidi si ya kuchezea. Ric Flair, mkongwe wa zamani, alikuwa na 16 zinazotambuliwa. Cena alimfikia Januari 2017, na tukasubiri miaka minane tuone kama ataivunja. Imevunjwa kwenye pambano ambalo kila ukilionyesha lazima ueleze yule mwanamuziki alikuwa anatafuta nini pale.

Sasa turudi kwa dada yangu. Najua imepangwa. Kila mtu mzima anajua. Na hiyo ndiyo sababu siwezi kusamehe! Timu yangu ikifungwa mpirani, nalia nanyamaza, maana hakuna aliyekaa mezani akaandika kwamba leo tufungwe. Huku kuna mtu alikaa mezani. Alikuwa na wiki saba, alikuwa na Cena adui kwa mara ya kwanza tangu watazamaji wengi wa leo wazaliwe, akaandika hiki. Akakisoma, akakubali, wakakipitisha. Mchezo ukiwa umeandikwa, ubovu wake nao umeandikwa.

Na wasiniambie kwamba watu kuingilia pambano ni kawaida. Najua ni kawaida. Mwaka mmoja kabla, Philadelphia, Cody alipomaliza utawala wa Roman Reigns wa siku 1,316, waliingia watu lundo: ndugu wa Reigns, The Rock, Rollins, hadi Undertaker. Cena mwenyewe aliingia, tena kumsaidia Cody! Lakini kila aliyeingia alikuwa na deni lake na mtu fulani mle ulingoni, na ukimuuliza mtoto atakueleza nani alimjia nani. Las Vegas muulize mtoto Travis Scott alikuwa na deni gani zaidi ya kofi alilompiga Cody kule Toronto. Hana la kukuambia.

Kwa muda nilijifariji kwamba pengine ni umri, mzee amechoka, tusimlaumu. Agosti ikanivua faraja hiyo. New Jersey, SummerSlam, onyesho jingine kubwa la WWE, Cena na Cody walewale wawili, Cena amerudi kuwa mtu mwema siku mbili tu kabla (hilo nalo, mgeuko wa miezi mitano ukafutwa kana kwamba haukuwahi kuwepo), wakapigana pambano la kukutoa jasho. Cody akauchukua tena mkanda wake. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Kwa hiyo uwezo ulikuwepo. Miguu ilikuwepo. Pambano lile lilikuwa ndani yao Aprili, wakaambiwa wasitoe.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuipa sita, kwa heshima ya usiku wa kwanza na ya Iyo Sky. Nimefika hapa naona sita ni nyingi. Pambano la mwisho ndilo lililouza tiketi, ndilo lililotukesha, ndilo lililopangwa kuwa la kihistoria. Nne. Iyo peke yake ana tisa na nusu, na msimchanganye na uchafu wa wengine.

Ambaye hajaiona, aangalie usiku wa kwanza wote, aangalie ufunguzi wa usiku wa pili, akalale. Kisha atafute lile la Agosti.