Bushi ngumu za nyuma kwenye Beetle ya 1965: nimezifunga, nimezitoa

Nianze na hukumu, maana najua wengine mtaishia hapa. Bushi za poliyurethani, yaani vipete vya plastiki ngumu vinavyokaa kati ya vyuma, nilizonunua kwa ajili ya nyuma ya Volkswagen Beetle yangu nazipa nyota mbili kati ya tano. Moja ni kwa sababu hazijachakaa hata kidogo. Ya pili ni kwa sababu zilinilazimisha kufungua sehemu ambayo nisingeigusa, na humo nikakuta kosa lililonisumbua tangu nilinunue gari.

Gari ni la 1965, lenye ekseli za kubembea, yaani kila nusu ya ekseli inapanda na kushuka peke yake kutoka kwenye giaboksi. Kwa asiyelijua, nyuma hakuna koili wala majani ya springi. Kila upande una tosheni baa, fimbo ya chuma iliyolala ndani ya bomba linalokatiza chini ya gari. Ncha yake ya ndani imeng'ata katikati ya bomba, ya nje imeng'ata pleti ya springi, na pleti ndiyo inayoshika ekseli. Tairi likipanda, fimbo inajisokota. Bushi mbili, moja huku na moja kule, ndizo zinazoibana pleti isicheze. Zangu za raba zilikuwa zimeoza zikawa kama lami, ukizigusa zinabaki kidoleni. Kwenye kona mkia wa gari ulikuwa unafuata kwa kusitasita, na upande wa kushoto ulikaa chini kwa vidole viwili.

Kufungua kulinila Jumamosi mbili. Bolti ya chini ya shokapu peke yake niliilowesha mafuta siku tatu, na bado ilitoka ikilia. Kabla ya kulegeza chochote chukua tindo upige alama inayovuka pleti na nyumba ya ekseli. Matundu ya bolti hapo ni marefu, pleti inaweza kusogea mbele au nyuma, na ukirudisha kwa kukisia tairi litaangalia kusiko.

Sehemu ya kuogopa ni pleti yenyewe. Hata gari likiwa juu ya stendi na tairi limetolewa, fimbo bado ina msokoto, na pleti imeegemea mdomo mdogo wa chuma ulio kwenye nyumba yake. Nilifunga mnyororo, nikaweka jeki chini ya ncha ya pleti, nikaipandisha kidogo na kuivuta nje kwa mtaimbo mpaka ikavuka ule mdomo, halafu nikashusha jeki taratibu. Upande wa kulia ilishuka kwa adabu. Wa kushoto iliteleza na kupiga kishindo kilichowatoa watu ndani ya nyumba. Mguu wangu haukuwepo pale, basi.

Kuichomoa tosheni baa lazima ulegeze bolti za mbele za madigadi, la sivyo haina pa kupita. Ya kushoto na ya kulia hazibadilishani, kila moja imeandaliwa kiwandani kwa msokoto wa upande wake na ina alama kwenye ncha. Nilizifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa tu, sikuzipitishia msasa, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye fimbo inayosokotwa kutwa ndipo ufa unapoanzia.

Pleti na vifuniko vyake nilipeleka kupigwa mchanga na kupakwa rangi ya unga. Rangi ilitoka safi, nyeusi, inang'aa kama sufuria mpya. Shida ni kwamba waliipaka mpaka ndani ya meno ya pleti, yale yanayong'ata fimbo. Jioni mbili nilikaa na sindano nene na brashi ya shaba nikikwangua jino moja moja, yote 44. Niliwaambia kwa mdomo wayaache, lakini ningekuwa na akili ningeyaziba mwenyewe kabla ya kuwapa. Nilikwangua pia pale vichwa vya bolti vinapokaa, maana rangi nene chini ya bolti inajibana polepole na bolti inalegea.

Sasa bushi zenyewe. Zilikuwa nene kupita kiasi. Kifuniko kinashikwa na bolti nne, na hata moja haikufika kwenye uzi wake. Nikanunua bolti ndefu za kuvutia kifuniko, nikasaga bushi kwa msasa, nikajaribu tena, nikasaga tena. Mwishowe kilikaa, lakini pleti ilikuwa imebanwa kiasi kwamba kuizungusha kwa mkono ni mieleka. Kwenye pakiti walijisifu kwamba zitarudisha kimo cha gari. Bushi mbovu kweli inaiacha pleti ikae chini kidogo, ila kimo kinashikwa na fimbo na jinsi ulivyoipanga meno.

Na hapo ndipo nilipopata dhahabu yangu. Ncha ya ndani ya fimbo ina meno 40, ya nje 44. Jino moja la ndani ni nyuzi 9, la nje ni nyuzi 8 na kitu. Ukisogeza ya ndani jino moja mbele na ya nje jino moja nyuma, pleti inabadilika chini ya nyuzi moja tu. Nilipopima pleti zote mbili kwa kipimo cha pembe, nikilinganisha na kizingiti cha mlango, ya kushoto ilikuwa imekosewa jino zima la nje. Fundi fulani wa zamani aliifunga akaenda zake. Nikairekebisha, gari likasimama sawa.

Wiki ya kwanza nililisifia kila mahali. Gari linatii, mkia haubaki nyuma. Kisha mvua ikanyesha, na tangu hapo kila tuta lilikuwa kama kitanda cha zamani kinachogeukiwa. Nikafungua, nikapaka grisi ya silikoni, kukawa kimya wiki sita, kelele zikarudi. Mitetemo nayo ilipanda mpaka kwenye kiti. Nadhani sababu ni ile ekseli ya kubembea. Tairi linapopanda na kushuka, pleti haizunguki tu, inapinda kidogo ndani na nje. Raba inakubali, hii ngumu inabishana.

Nikazitoa na kufunga za raba, zenye tundu lisilo katikati na neno la Kijerumani oben, yaani juu, lielekee juu kweli. Nilizipaka poda ya watoto zisinate. Pembe sikuigusa. Gari linashika kona vilevile kama wiki ile ya kwanza, bila kelele.

Zile ngumu zimo kwenye boksi lake, mpya kabisa isipokuwa pale nilipozisaga. Nilimwuliza muuzaji kama anazirudisha. Anarudisha, ila zisiwe zimeguswa na msasa.