TAHADHARI: "Modemu za 4G za laini zote" na "draiva ya Linux" ya kulipia

Ndugu wasomaji, ninaandika kuwatahadharisha wote wanaotumia Ubuntu, Debian, Mint na mifumo mingine huria ya Linux, hasa walioko mikoani wanaoagiza vifaa kwa simu, kuhusu muuzaji anayetangaza modemu za USB kwa maneno haya: "4G original, laini zote, inapiga kazi Windows na Linux." Modemu hizo si za 4G, hazipokei laini zote, na kinachofuata baada ya mnunuzi kulalamika ni kibaya kuliko modemu yenyewe, kwa sababu muuzaji huomba fedha ya pili kwa ajili ya "draiva ya Linux", yaani programu ya kuifanya kompyuta itambue kifaa, kisha humtumia mtu faili linaloifungua kompyuta yake kwa mgeni. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Morogoro. Modemu hizi zimeletwa mezani kwangu na watu wasiofahamiana kabisa, miongoni mwao mwalimu wa sekondari, wanafunzi wa chuo na mhasibu wa SACCOS, lakini ujumbe waliotumiwa unafanana neno kwa neno.

Mauzo yenyewe huenda hivi. Mtu akiona tangazo na kuuliza, hujibiwa upesi na kwa heshima: karibu sana, mzigo upo Kariakoo, wa mikoani wanatumiwa kwa basi baada ya kukamilisha malipo. Bei huwa kama shilingi 60,000, nayo inatakiwa itumwe kwa simu, "na ya kutolea", kwa namba ambayo jina lake si la duka lolote. Risiti ya EFD haipo. Kifurushi hufika kweli, na ndiyo maana watu huwa hawashituki mapema: boksi jipya, nailoni safi, stika yenye maandishi makubwa ya 4G LTE. Mnunuzi anachomeka modemu, anaweka laini yake yenye bando, na hakuna kinachotokea. Akimrudia muuzaji anaambiwa kwamba tatizo ni Linux, kwamba Linux haina draiva za modemu hizo, na kwamba akiongeza shilingi 15,000 atatumiwa draiva maalumu.

Maelezo hayo si ya kweli hata kidogo, na ningependa kila anayesoma hapa aelewe kwa nini, maana utapeli huu unaishi kwa kutegemea kwamba mtumiaji wa Linux amezoea kuambiwa kosa ni la mfumo wake. Draiva ya modemu za aina hii imo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, inaitwa option, na hailipiwi na mtu yeyote. Modemu nyingi za Huawei, ambazo ndizo ninazoziona chini ya stika hizi, zinapochomekwa hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows. Ukiandika amri ya lsusb kwenye terminali wakati huo utaona namba kama 12d1:1446. Kazi ya kuiamuru iache kujifanya CD na igeuke modemu hufanywa na kifurushi kiitwacho usb-modeswitch, ambacho kimo katika hazina za Ubuntu na Debian, nacho ni bure. Ikishageuka, namba hubadilika, kwa mfano kuwa 12d1:1001 au 12d1:1506, na amri ya dmesg huonyesha mstari unaosema "GSM modem (1-port) converter now attached to ttyUSB0". Ukiuona mstari huo, suala la draiva limekwisha. Kilichobaki ni kati ya modemu, laini na mnara.

Kutoka hapo, muunganisho hufuata njia ile ile ya modemu za simu za mezani za zamani. Programu ya wvdial inaipelekea modemu amri zinazoanza na AT, inapiga namba *99# kama mtu anayepiga simu, na mtandao ukipokea, programu nyingine iitwayo pppd inashika laini na kuipa kompyuta anwani. Ni kweli kwamba hatua hizi zina matatizo yake halali, na ni haki kuyataja ili mtu asimwite muuzaji mwema tapeli. Ukiandikiwa "Permission denied", mtumiaji wako hayumo katika kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia modemu. Ukiandikiwa "Device or resource busy", programu ya ModemManager imeushikilia mlango wa modemu kabla ya wvdial. Modemu ikizimika na kuwaka yenyewe, mara nyingi umeme wa tundu la USB hautoshi, hasa kwa kupitia waya mrefu au kigawanyio kisicho na umeme wake. Muunganisho ukikubali kisha ukakatika papo hapo, jaribu kuweka "Stupid Mode = 1" katika wvdial.conf na hakikisha APN, yaani jina la lango la intaneti, ni ya mtandao wako. Yote haya hurekebishwa bila kumtumia mtu hata senti.

Modemu zinazoletwa kwangu huvuka hatua hizo zote vizuri, kisha wvdial inapiga *99# na kurudishiwa "NO CARRIER", yaani muunganisho haukupatikana. Hapo ndipo inapobidi kuzungumza na modemu moja kwa moja. Fungua programu ya minicom kwenye mlango wa ttyUSB0 (majibu yasipotoka, jaribu ttyUSB1 au ttyUSB2), andika AT, na ikijibu OK, andika ATI. Modemu hutaja mtengenezaji, modeli, toleo la programu yake na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa. Chini ya stika ya 4G LTE nimesoma "Model: E1550", na katika nyingine "Model: E173". Hizo ni modemu za 3G. E173 kikomo chake ni Mbps 7.2 za kupakua, na E1550 ni nusu ya hapo. Si vifaa vibaya kwa asili yake, na mtengenezaji hahusiki kwa namna yoyote na hila hii. Ni vifaa vilivyotumika, vimesafishwa, vikabandikwa stika ya uongo na kuuzwa kwa bei ya kitu kingine.

Baada ya ATI, andika AT^CARDLOCK? na usome jibu kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo maneno "laini zote" yanapoanguka. Jibu huwa na tarakimu zinazofuatana. Ya kwanza ikiwa 2, modemu iko wazi kwa mitandao yote. Ikiwa 1, imefungwa kwa mtandao ulioiuza mara ya kwanza na inadai namba ya kuifungua. Ikiwa 3, imefungwa moja kwa moja. Tarakimu ya pili ni idadi ya majaribio yaliyobaki ya kuingiza namba hiyo. Modemu ambayo haijachezewa kwa kawaida huonyesha 10. Zilizopita mikononi mwangu zote zilianza na 1, na baadhi zilikuwa na majaribio machache tu yaliyosalia, jambo linaloonyesha kwamba kuna mtu alijaribu kuzifungua, akashindwa, akaamua kuziuza hivyo hivyo huku akijua. Siwezi kuliita hilo bahati mbaya.

IMEI nayo inasema mengi. Linganisha tarakimu 15 zinazotolewa na ATI na zile zilizoandikwa kwenye boksi na kwenye stika ya ndani, pale laini inapoingia. Mwalimu na mmoja wa wale wanafunzi walikuja siku tofauti na maboksi yao, na nilipoyaweka pamoja, maboksi yote mawili yalikuwa yamechapishwa IMEI moja, ambayo haikulingana na ya modemu yoyote kati ya hizo mbili. Kifaa halali hakishiriki IMEI na kingine. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia mwezi Juni 2016, Watanzania wengi wanafahamu kwamba IMEI huhakikiwa kwa kuituma kama ujumbe kwenda 15090, lakini wachache hukumbuka kwamba modemu nayo ina IMEI na inastahili kuhakikiwa kabla fedha haijatoka mfukoni.

Sasa nije kwenye "draiva". Hili ndilo lililonifanya niandike, kwa kuwa kupoteza shilingi 60,000 kunauma lakini kuna mwisho. Anayelipa ile 15,000 hutumiwa faili la skripti, yaani orodha ya amri, pamoja na maelekezo ya kuliendesha kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, na kuingiza nywila yake. Nililifungua faili hilo kwa kihariri cha maandishi bila kuliendesha. Mistari yake ya mwanzo inasakinisha usb-modeswitch na wvdial, yaani vile vifurushi vya bure nilivyovitaja. Inayofuata inaunda mtumiaji mpya wa kompyuta na kumweka katika kundi la sudo, kisha inasakinisha programu ya kuongoza kompyuta kutoka mbali, iliyopangwa kuwaka kila mashine inapowashwa. Kilicho hatari zaidi ni kwamba kwa mtu ambaye laini yake kwa bahati ni ya mtandao uleule ulioifunga modemu, intaneti huanza kufanya kazi. Mtu huyo hufurahi, humshukuru muuzaji, na humwelekeza rafiki yake anunue kwake. Hajui kwamba kuanzia dakika hiyo kuna mtu mwingine mwenye mamlaka kamili juu ya kompyuta yake. Fikiria hilo likitokea kwenye mashine ya mhasibu wa SACCOS, yenye majina, namba za simu na akiba za wanachama. Yeye, kwa bahati njema, alishtuka alipoombwa nywila na akaja kuuliza kwanza.

Wako pia walioambiwa kwamba skripti imegoma, hivyo wamruhusu "fundi" aingie kwa mbali aimalizie kazi. Tafadhali usikubali. Hakuna modemu duniani inayohitaji mgeni aingie kwenye kompyuta yako ili ipige *99#.

Ikiwa umekwisha kuliendesha faili hilo, ondoa mashine kwenye intaneti kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Angalia mwisho wa faili la /etc/passwd kama kuna jina usilolijua, angalia orodha ya kundi la sudo, angalia yaliyomo katika /etc/sudoers.d, na angalia kama kuna funguo ngeni katika authorized_keys ndani ya folda la .ssh, la kwako na la root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Lakini usitosheke na kufuta unachokiona. Aliyekuwa na mamlaka ya root anaweza kuwa ameacha kitu ambacho hutakiona. Nakili nyaraka zako tu, zisiwe programu, kisha usakinishe mfumo upya, na nywila za barua pepe, za benki na za huduma nyinginezo uzibadilishe kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama. Ni kazi ya kuchosha, najua, ila mashine yenye nyaraka za watu wengine haistahili kitu pungufu ya hapo.

Kwa anayetaka kununua modemu, nunua mahali unapoweza kuijaribu kabla ya kulipa. Nenda na kompyuta yako, usakinishe usb-modeswitch, wvdial na minicom ukiwa bado nyumbani kwenye intaneti, na ubebe laini mbili za mitandao tofauti. Kwenye kaunta chomeka, andika ATI, andika AT^CARDLOCK?, weka laini moja baada ya nyingine, kisha uliza AT+COPS? na utazame tarakimu ya mwisho ya jibu: 0 ni 2G, 2 ni 3G, na 7 ndiyo 4G. Baadhi ya modemu mpya zaidi, kama za aina ya HiLink, hazipigi *99# kabisa. Hujitokeza kama kadi ya mtandao na kufunguliwa kwenye kivinjari, kwa mfano kwa anwani 192.168.8.1, hivyo kwa hizo tazama modeli na aina ya mtandao kwenye ukurasa huo. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia dakika tano za majaribio, na wako wengi wa namna hiyo Kariakoo na hapa Morogoro. Asiyekubali, au anayesisitiza ulipe kwanza ndipo mzigo upande basi, mwache.

Kwa waliokwisha kutapeliwa, namba ya simu iliyotumika iripotiwe kwa kuituma kwenda 15040, na malalamiko ya bidhaa bandia yapelekwe Tume ya Ushindani. Kwa wale walioendesha ile skripti, nendeni polisi mkiwa na ushahidi mkononi, kwa kuwa kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa halali ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Msifute mazungumzo hata kama yanakera kuyaona. Hifadhini ujumbe wa muamala wenye jina na namba, picha ya boksi pande zote, picha ya skrini yenye jibu la ATI, risiti ya basi ikiwepo, na lile faili la skripti lenyewe likiwa halijaguswa, kwenye flashi ambayo haitatumika kwa kazi nyingine. IMEI na namba zenu msizibandike hadharani. Zinatosha kufika kwa wanaochunguza.