Tairi za Milimita 28 kwenye Mawe ya Goma
Baiskeli yangu ya mbio ilikuja na tairi za upana wa milimita 23, na kila nilipoiacha lami ya katikati ya mji na kuingia mitaa ya Ndosho, ambako mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo yamechomoza ardhini yakiwa na makali, tyubu ilibanwa kati ya jiwe na rimu ikatoboka matundu mawili sambamba. Tangu nifunge za milimita 28, ambazo nazijaza upepo wa baa 5 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) badala ya 7, hilo limenipata mara moja tu katika miezi sita, na mikono haifi ganzi tena nirudipo kutoka Sake. Kwenye lami sikuona mwendo ukipungua. Ningependa zaidi milimita 32, lakini breki zangu hubana rimu kutoka juu na haziachi nafasi. Fundi alipoijaribu, tairi ilikwaruza chuma cha breki. Pima nafasi hiyo kabla ya kununua, juu na pembeni, ukibakiza milimita 4 hivi, maana mvua ikinyesha changarawe nyeusi hunata kwenye tairi na kusaga rangi ya fremu.