Korogwe: kwa mama ntilie au mgahawa wa barabara kuu?

Kwa bei, mama ntilie hana mpinzani. Kwa shilingi 2,000 hivi unapata wali maharage, mchicha na kachumbari, na ukiomba mchuzi zaidi anakumiminia tu. Ila ukichelewa mpaka saa tisa alasiri, sufuria imebaki ukoko. Mgahawa wanaposimama mabasi ya Moshi na Arusha ni ghali: chipsi kuku moja inamaliza hela ya milo miwili mitatu ya mama. Lakini una choo, na chakula hadi usiku. Usafi? Popote, tazama kwanza maji ya kuoshea sahani. Unayefanya kazi mjini, nenda kwa mama. Msafiri mwenye watoto na dakika 20, mgahawa utakufaa.