Dovedale nendeni, ila msimlipe mtu awazungushe (uzoefu wangu)

Jamani mi bado nina hasira na hii safari na imeshapita muda, ilikuwa mwaka juzi kama sikosei, majira yao ya machipuko, Aprili inaisha au Mei imeanza. Mama alikuja Uingereza kunitembelea nikaona nisimfungie ndani Derby, nimpeleke akaone bonde la mto Dove, ndo hiyo Dovedale. Nikalipia watu wawili kwenye kikundi cha matembezi, paundi 70, muongozaji anawazungusha siku nzima, mnafuata mto mpaka kijiji cha Milldale, mnapanda Stanshope, mnashukia kijiji cha Ilam mnarudi kwenye magari.

Sasa pale mwanzo tu, chini ya kilima cha Thorpe Cloud, mto unavukwa kwa kukanyaga mawe yaliyopangwa majini. Usiku mvua ilinyesha, mawe mawili matatu maji yanapita juu yake. Mama goti lake la kulia halikunji vizuri, akasimama. Yule kijana muongozaji keshavuka, anaangalia saa, anatupigia kelele kutoka ng'ambo kwamba kama hatuwezi turudi tukasubiri kwenye gari, yeye hawezi kuwachelewesha wengine. Hakurudi hata hatua moja kumpa mama mkono! Mama hajui Kiingereza lakini alielewa kila kitu, akaniuliza, "Mwanangu, huyu anadhani mi sijawahi kuona mlima?" Mtu amekulia Lushoto, kapanda na kushuka Usambara na mzigo wa kuni kichwani tangu mtoto, leo anaambiwa akakae kwenye gari.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba daraja lipo. Kadaraja ka waenda kwa miguu, nyuma kidogo karibu na pakingi, tulikapita wote asubuhi ile. Ukivukia pale unafuata kinjia cha upande wa pili unafika palepale kwenye mawe, miguu mikavu. Alituonyesha mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa, tena bure. Sasa huyu tunayemlipa, kama hakujua anaongoza nini? Na kama alijua akanyamaza basi ni roho mbaya tu.

Tunafika ng'ambo kikundi hakipo. Nikataka turudi nyumbani, mama akagoma. Na hapa ndo nachanganyikiwa hii safari niisemeje, maana kuanzia pale ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopata nchi hii. Bonde linabana, majabali ya chokaa yamesimama huku na huku kama minara, chini ya miti vitunguu saumu pori vimetoa maua meupe mpaka ardhi huioni, harufu inakufuata. Mama akachuma jani moja akatafuna, akasema hili la mchuzi. Kuna ndege mmoja mnene, kifua cheupe, anasimama kwenye jiwe katikati ya mto anainama-inama alafu anazama mwenyewe majini kutafuta chakula, anatokea, anazama tena. Tulimwangalia kama dakika 20. Yule kijana angetuachia dakika 20?

Milldale kuna daraja la mawe jembamba, kuta zake fupi, la zamani za farasi wa mizigo, na pale ndo tukawakuta wenzetu wanamalizia chai. Jamaa hakuuliza hata goti linaendeleaje, anasema tunaondoka dakika tano. Mama akafungua kikapu, akatoa maandazi, akampa na yeye! Akapokea akala. Nikamwambia mama huyu si wa kumpa, akanijibu, "Muache, ana njaa huyo, ndo maana anafoka." Mi sijasamehe lakini.

Tukawaacha watangulie. Ule mlima wa Stanshope mama alinitangulia mimi, goti na yote. Kushukia Ilam wanakondoo kila shamba, nikamsimulia kwamba pale kuna mto mwingine, Manifold, kiangazi unaingia chini ya ardhi njiani na kuja kuibukia Ilam, akasema nitamrudisha kiangazi aone.

Niliandika nirudishiwe hela, hata nusu, wakajibu washiriki wanatakiwa wawe na afya ya kutosha. Afya! Nilitaka niwape nyota moja, alafu nakumbuka yale maua nashindwa. Basi njia nyota tano, wao sifuri, shukeni wenyewe na ramani, vukieni darajani. Mama kila akipiga simu ananiuliza maji kwenye yale mawe yamepungua.