Nimetumia mfumo wa mtandaoni wa kuchangia dawa zilizobaki hapa Dodoma, uzoefu wangu

Kama una dawa zimebaki ndani na mgonjwa wako keshabadilishiwa dozi, au ndo hivyo keshatangulia mbele za haki, usizitupe kwanza, soma hii. Nimetumia huu mfumo wa mtandaoni wa kuchangia dawa unaoendeshwa na wafamasia hapa Dodoma mjini na nataka niseme yote, mazuri na yanayokera, maana naona watu wanausifia eti ni rahisi. Jamani sio rahisi. Kwangu mimi ulikataa dawa nyingi kuliko ulizopokea, na kukataa huko ndo kumenifanya niuamini.

Baba yetu alikuwa na presha na sukari miaka mingi, mwishoni na moyo ukachoka. Alikuwa na bima kwahiyo kila mwezi anachukua dawa zake dirishani, na daktari alikuwa anabadilisha kutokana na hali yake, mara amlodipini inamvimbisha miguu wanampa losartani, mara wanaongeza kidonge cha mafuta ya kwenye damu, na kila zikibadilishwa zile za mwanzo zinabaki kabatini. Alipofariki mama akasema hizi dawa zitoke humu ndani, kila akifungua kabati anaziona. Kulikuwa na maboksi hayajaguswa ya amlodipini, losartani, atorvastatini ya mafuta na metformini ya sukari, kulikuwa na vipande vipande vya aspirini ya moyo, vidonge vya maumivu, chupa za insulini kwenye friji na boksi la stripu za kupimia sukari. Ukipiga hesabu hapo ni hela, tena hela ambayo kuna mtu huko Bahi au Chamwino anaitafuta kwa jasho, anafika kituoni anaambiwa dawa hamna kanunue nje.

Sasa kwetu huku dawa ikibaki ina njia tatu, choo cha shimo, shimo la taka zichomwe moto, au jirani. Ya jirani ndo inaniogopesha zaidi. Mama mmoja wa hapa mtaani alikuja kutuhani, akayaona maboksi mezani akaniambia, "Mwanangu, si uniachie hizo za presha, mi nami inanisumbua." Nikamwambia mama yangu, naomba twende ukapimwe kwanza, hizi ni za baba na baba alikuwa na mambo mengi. Akanielewa. Tulivyoenda ikaonekana dawa aliyoandikiwa yeye ni nyingine kabisa, na binti yake ambaye alikuwa anamegewa dawa za mama yake kila akiumwa kichwa alikuwa mjamzito, na losartani kwa mjamzito haitakiwi kabisa, inamuumiza mtoto tumboni. Fikiria ningemwachia lile boksi kwa moyo mweupe.

Mfumo wenyewe unavyofanya kazi, unafungua kwenye simu, unajisajili kwa namba yako wanakutumia namba za siri kwa meseji, unaingia. Kila dawa unaijazia fomu yake peke yake. Jina kama lilivyoandikwa kwenye boksi, nguvu yake, ni miligramu ngapi, namba ya bechi, yaani ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja, tarehe ya kuisha, halafu picha, moja ya mbele, moja ya upande wenye tarehe, moja ya pale boksi lilipofungwa. Mpaka hapo kawaida. Linakuja swali ambalo sikulitegemea, dawa ilikuwa inakaa wapi ndani ya nyumba. Wamekuwekea na majibu ya kuchagua, kabatini, juu ya friji, dirishani, jikoni, kwenye gari. Nikajiuliza hili nalo la nini, ila ukikaa Dodoma mwezi wa kumi na wa kumi na moja utaelewa tu, nyumba ya bati bila dari mchana humo ndani hapakaliki, na dawa nyingi boksi linasema zikae chini ya nyuzi 30. Dawa iliyopikwa na joto inaweza kuonekana nzima kabisa kwa macho, rangi ile ile, tarehe bado, lakini nguvu imepungua, na mgonjwa wa presha akiimeza anajua ametibiwa kumbe presha inapanda kimya kimya.

Maboksi mawili ya metformini baba alikuwa anayaweka juu ya friji. Nikajaza hivyo hivyo, ukweli. Mfamasia akanipigia simu mwenyewe, dada mmoja mpole ana sauti ya taratibu, akaniuliza friji liko karibu na ukuta au lina nafasi nyuma, hapo juu pana joto ukigusa? Nikaenda kugusa huku simu iko sikioni. Pana joto. Akasema dada yangu hizo naomba uzilete ila tutaziweka za kuteketezwa, siwezi kumpa mtu. Iliniuma maana hazikuwa hata zimefunguliwa, lakini nilimheshimu palepale.

Kituo cha kupeleka ni famasi moja hapa mjini, sio mbali na soko la Majengo. Hapa nataka nieleze vizuri maana ndo kazi yenyewe inapofanyika. Mfamasia anachukua boksi analigeuza pande zote, anapitisha ukucha pale kwenye gundi kuona kama lilishawahi kufunguliwa likafungwa tena. Halafu analifungua yeye mwenyewe mbele yako, anatoa karatasi ya vidonge anaisogeza kwenye mwanga, anasoma namba ya bechi iliyogongwa pembeni anailinganisha na ya kwenye boksi. Zikifanana anarudisha, anabandika stika yake, anasaini. Boksi moja la amlodipini karatasi ya ndani ilikuwa na bechi nyingine na tarehe nyingine, maana yake kuna mtu nyumbani alijaza humo vidonge vya boksi lingine, labda ni mzee mwenyewe alikuwa anapunguza maboksi. Likawekwa pembeni. Kwa macho yangu mimi lilikuwa zima!

Zile aspirini ndo hazikufika hata kwenye mjadala. Mnajua maduka yetu ya dawa yanavyouza, unataka vidonge vitano unakatiwa kwa mkasi, kinachobaki wanaendelea kukikata, sasa tarehe na bechi zimegongwa kwenye ule mkia wa karatasi, mkasi ukipita upande ule umebaki na vidonge visivyo na historia. Akanionyesha, hakuna tarehe, hakuna bechi, siwezi kujua hii ni ya lini. Tangu siku hiyo nikikatiwa dawa dukani naomba nisomewe tarehe kwanza na naiandika kwa kalamu nyuma ya bahasha. Na kitu kingine nimejifunza kwake, boksi likiandikwa mwezi na mwaka tu bila siku maana yake ni mpaka mwisho wa mwezi ule, sio mwanzo, wengi tunazitupa mapema bure.

Vidonge vya maumivu vilikuwa ni tramadoli, hivyo hata kuvigusa hawakutaka, ni dawa inayodhibitiwa, nikaambiwa nivirudishe famasi ya hospitali alikoandikiwa, na nikavirudisha. Antibayotiki zilizobaki kwenye dozi usijisumbue kupeleka, hawapokei, kwanza kubaki kwake tu ni dalili kwamba kuna mtu hakumaliza dozi, na hilo linaweza kuchangia vijidudu kuwa sugu kwa dawa. Dawa za maji za watoto zikishafunguliwa nazo hapana, zile za unga unaochanganya na maji ndo kabisa, zinaishi siku chache tu baada ya kuchanganywa.

Insulini. Hapa niseme nilitoka na machozi. Chupa hazijafunguliwa, tarehe bado ndefu, zilikaa kwenye friji muda wote, na nawajua watu wanaohangaikia chupa moja. Ila insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, isigande, isipate joto, na friji ya nyumbani haina kitu cha kuthibitisha hilo, umeme unakatika unarudi, mlango unafunguliwa na watoto kila saa wanataka maji baridi. Nikamwambia dada, sasa kama nzima je? Akanijibu, na kama sio nzima je, mtoto mwenye sukari akachomwa hiyo usiku, nani atajua? Sikuwa na la kusema. Zimeenda kuteketezwa. Stripu walizipokea kwasababu boksi lilikuwa limefungwa na hazihitaji friji, na wakauliza na mashine yake kama ipo, nikawapa.

Kuna watu wanasema huu ni urasimu, mtu anatoa msaada mnamsumbua. Mimi nilienda kusoma nikakuta sababu iko wazi. Wakati wa vita ya Bosnia, kati ya 1992 na 1996, inakadiriwa zilipelekwa tani 17,000 za dawa zisizofaa kama msaada, zimeekspaya, hazihitajiki, nyingine hazieleweki ni za nini, na nchi ikabaki na mzigo wa kuziteketeza. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa misaada ya dawa, ukarekebishwa 1999 na tena 2010, unataka dawa inayotoka nje ikifika iwe na angalau mwaka mmoja mbele kabla ya kuisha, na dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa ikarudishwa isitumwe kama msaada. Ndo maana hata hawa wetu mzigo mkubwa hauji kutoka majumbani kwetu, unatoka kwenye famasi na kliniki zenye stoki ambayo hawataimaliza, sisi wa majumbani tunaongezea kidogo na tunachujwa kwa chujio kali. Marekani nako kuna shirika linaitwa SIRUM, lilianzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford kule California, nao wanatumia mtandao kukutanisha dawa zinazobaki na kliniki zenye wagonjwa wasio na uwezo, na wanategemea sana nyumba za kulelea wazee na maduka ya dawa. Kwahiyo sio kitu kilichobuniwa huku kutusumbua.

Tena dawa haiendi mkononi kwa mtu. Inaenda zahanati au kituo cha afya, na huko mgonjwa lazima awe na cheti cha daktari. Wewe unapata meseji tu kwamba dawa fulani imepokelewa kituo fulani, jina la mgonjwa hupewi na hupaswi kulijua. Yangu ya losartani iliingia nikiwa kwenye daladala natoka Mtumba, imeenda kituo kimoja wilaya ya Chamwino. Nikampigia mama nikamsomea, akanyamaza, akasema haya, na atorvastatini je? Sasa hivi kila simu inaanza na hiyo.

Yanayokera nayo yapo. Kwanza kituo ni kimoja tu na kipo mjini. Baba mdogo yuko Kibaigwa, mkewe alibadilishiwa dawa, hana simu janja, ikabidi nimjazie mimi fomu huku ananisomea boksi kwa simu herufi moja moja, "B kama baba, halafu sifuri, sijui ni O mwanangu, kamekaa kama yai," tukakwama kwenye namba ya bechi mpaka akamwita mjukuu anayesoma sekondari. Picha akazipiga huyo mjukuu kwa simu ya mwalimu. Halafu boksi lije mjini kwa basi, nauli ya mzigo juu yake. Mzee wa watu anatoa dawa na bado anatoa hela, hii sio sawa, wanatakiwa wawe hata na siku moja kwa mwezi ya kupita Kibaigwa, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa kukusanya.

Pili, ukurasa ni mzito, picha zinakula bando, na ukikatika katikati ya fomu unaanza upya. Tatu, ile orodha ya dawa zinazohitajika haiendi na wakati, nilikuta dawa imeandikwa inahitajika sana, nilivyofika wananiambia hiyo wanayo ya kutosha. Nne, wakikataa dawa mtandaoni wanakuandikia neno moja tu, imekataliwa, bila sababu, sababu mpaka ufike au upigiwe simu. Hili ni la kurekebisha leo leo, maana mtu akisoma imekataliwa bila maelezo anaipeleka kwa jirani, na hapo tumerudi kulekule tulikokimbia.

Na friji. Wakipata friji yenye kipimajoto kinachorekodi, hata kama ya majumbani wataendelea kuikataa, insulini kutoka kwenye famasi zenye friji la uhakika wataweza kuipokea. Nimewaandikia hilo, wamejibu kwamba wanatafuta mfadhili. Nikiwa na uwezo ningenunua mimi.

Kwa nyota nawapa nne kwa tano, na ile moja ni ya vijijini.

Mkienda, msitoe dawa kwenye boksi lake hata kama limechakaa, bebeni na cheti kama bado mnacho, na jazeni ukweli kwenye lile swali la ilikokaa. Futeni jina la mgonjwa kwa maki pen kabla ya kupiga picha. ARV na dawa za TB zirudisheni kliniki mlikozichukua, hapa hawazipokei. Wanafungua asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, Jumapili hawapo.