Oili ya theluji kwenye mashine ya boti, Pemba: nilivyouziwa na nilivyojibiwa

Galoni lina picha ya mtu aliyevaa koti nene na kofia ngumu yenye kioo. Amepanda chombo mfano wa pikipiki isiyo na magurudumu: mbele kina mbao mbili za kuteleza, nyuma mkanda mpana, na theluji inamrukia mpaka mabegani. Hiyo ndiyo oili niliyoletewa kwa ajili ya mashine ya boti. Pemba, jamani! Huku baridi yetu ni ya mwezi wa saba, na hata hiyo mtu akijifunika shuka anatokwa na jasho alfajiri.

Naandika hasira zikiwa bado mbichi, wala sitaki zipoe. Zikipoa nitaanza kusema "yamepita", na wao wataendelea kuuza.

Duka silitaji. Liko Unguja mjini, si mbali na Darajani, wanauza spea za boti, kamba, nyavu, na vitu vinavyoshushwa kwenye makontena ya mitumba kutoka Ulaya. Wateja wao wameshalijua. Niliwapigia simu kwa sababu oili niliyoizoea ilikuwa imeadimika huku kwetu Chake Chake. Nikasema wazi: nataka oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili, ya mashine ya boti, iliyoandikwa TC-W3, ambayo ndiyo alama ya oili za boti. Nikamtajia herufi moja moja, kama mwalimu wa chekechea. Kijana akanijibu, "Ipo mama, ndiyo yenyewe hiyo, tena ya Ulaya." Nikatuma pesa ya magaloni mawili kwa simu, mzigo ukapakiwa melini, ukashuka bandari ya Mkoani, mdogo wangu akaupokea. Yeye ndiye nahodha wangu. Boti ni ya faiba, mashine ni Yamaha Enduro ya nguvu-farasi 40, na kazi yetu ni kupeleka barafu kwa wavuvi walioko dago, yaani kambi ya uvuvi, kisiwani Misali na kurudi na samaki wao. Watu walikuwa wanangoja barafu, kwa hiyo alichanganya palepale bandarini Wesha akaondoka. Mimi hilo galoni nimekuja kuliona jioni, limeshapungua.

Maandishi yote ni ya lugha ya huko kwao, sijui ya nchi gani. TC-W3 nimeitafuta mbele, nyuma na chini ya kitako cha galoni. Haipo.

Nikampigia yule kijana. "Mwanangu, umeniletea oili ya theluji."

"Mama, oili ni oili. 2T ni 2T."

"Mimi nimekuomba TC-W3."

"Hii imeipita hiyo. Kule inafanya kazi kwenye baridi ya kuua mtu, itashindwa na hapo Wesha? Na Yamaha hao hao wametengeneza vyombo vya theluji. Kampuni moja, oili moja. Wewe mambo ya mashine muachie nahodha."

Kuhusu Yamaha hakusema uongo. Walianza kutengeneza vyombo hivyo mwaka 1968, na mashine zao za boti zilikuwa zimeshatoka kabla ya hapo. Lakini jina la Yamaha liko kwenye piano pia, sasa na piano tuitie 2T?

Nieleze kidogo, maana wapo watakaosema huyu mama anagomba bure. Injini ya 2T ya chombo cha theluji huweza kuwashwa hata kwenye baridi ya nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri. Oili yake lazima ibaki nyepesi kwenye baridi hiyo, kwa sababu nyingi kati ya injini hizo hazichanganyiwi oili kwenye petroli, zina tangi lake na pampu inayoisukuma kwenye vijibomba vyembamba. Oili ikiganda, injini inakauka. Kisha injini yenyewe inazunguka kwa kasi kubwa, mizunguko kama 8,000 kwa dakika, na nyingi zina vali kwenye njia ya moshi ambazo zikishika utando zinakwama. Ndiyo maana oili zake hutiwa dawa ya kusafisha uchafu kwenye joto kali. Na kwa kupoza, vingi vya vyombo hivyo vinatumia theluji hiyohiyo inayorushwa na mkanda. Akili kubwa, nawavulia kofia waliobuni.

Mashine yangu inaishi maisha mengine kabisa. Inavuta maji ya bahari, silinda inapoa muda wote, inakwenda mizunguko kama 5,000 kwa dakika, saa nzima na zaidi, huku imebeba barafu au samaki, na oili tunachanganya kwa mkono kwenye tangi la petroli. Mashine ya boti inayopozwa na maji haitaki oili inayoacha majivu. Zile dawa zenye madini, zinazosaidia injini ya moto kama ya pikipiki au msumeno wa kukatia miti, kwenye silinda iliyopoa huacha majivu yanayoganda kwenye plagi na kichwa cha pistoni. TC-W3 ni alama ya NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya baharini cha Marekani, na inatolewa kwa oili iliyopimwa kwa ajili ya mashine zinazopozwa na maji. Zile alama za Kijapani za JASO, FB, FC na FD, ni hasa za injini zinazopozwa na upepo. Kuna watu pwani wanaona FD ndiyo ya juu basi wanaitia kila kitu. Ya juu kwa msumeno! Na ukiigeuza, TC-W3 kwenye msumeno nayo si mahali pake. Rangi isikudanganye pia. Buluu, nyekundu, kijani, zote ni rangi tu za kukuonyesha kwamba petroli imeshachanganywa.

Haya yote si siri, na mwenye duka la spea za boti ndiye wa kwanza kupaswa kuyajua.

Basi, oili hiyo ikiwa imeshachanganywa kwenye petroli, kaskazi imepamba moto, mdogo wangu anatoka Misali na samaki wa dago nzima. Katikati ya njia mashine ikaanza kukohoa. Ikapoteza nguvu, ikarudi, ikakohoa tena, kimya. Akafungua plagi, akapangusa, ikawaka kidogo, ikafa moja kwa moja. Jua la saa saba, mawimbi, na mkondo unawapeleka kusini. Walipiga makasia mpaka mikono ikatoka malengelenge, ndipo boti ya watu wa Wesha ikawafungia kamba ikawavuta. Walipofika, barafu ilikuwa imeshakuwa maji. Oili ya theluji imenimalizia barafu! Samaki wakubwa tuliwauza kwa bei ya kutupa, dagaa waliobaki hata paka wa bandarini waliwazunguka kwa heshima. Wavuvi niliwalipa chao, maana wao hawana kosa. Mimi nikabaki na harufu.

Fundi wetu ni mzee wa pale pale Wesha, mimi namwita ami, ameshika mashine hizi tangu mimi ni msichana. Alifungua kichwa. Plagi zilikuwa zimejaa kitu cheupecheupe kimefunga ule mwanya wa cheche. Kichwa cha pistoni nacho kina utando. Ringi ziko hai, silinda haijachanika, alhamdulillahi. Nikamuuliza, "Ami, ni oili?" Akalitazama galoni, akalitazama tena lile jitu la kwenye picha, akacheka peke yake. Kisha akasema majivu ni ya oili, hilo halina ubishi, ila kwenye kabureta kakuta matone ya maji, na petroli ya madumu haikosi kuingia maji. Hawezi kuapa kwamba kilichoizima siku ile ni kimoja tu.

Hapo nikapoa kidogo. Na haki niiseme: hiyo oili moshi wake ni mdogo, mdogo wangu mwenyewe alisema haimuumizi macho. Harufu yake si kali. Ingekuwa mimi niko Kanada au Ufini na nina chombo cha theluji, pengine ningeinunua na kuisifia. Oili haina ubaya, imepelekwa tu kusikokuwa kwake. Nilikuwa nimeshafikia kuipa nyota tatu katika maoni yangu haya, na duka lenyewe kulipa nyota mbili.

Lakini nikaenda Unguja kwa shughuli zangu, nikapita dukani na galoni lililobaki, ambalo halijafunguliwa. Nimevaa baibui langu, nimesalimia vizuri. Yule kijana yupo, na wateja wanaume wamesimama pale. Nikamueleza kwa upole. Akaniacha nimalize, kisha akawageukia wale wanaume, akasema, "Huyu bibi angeniambia anataka mafuta ya nazi ningempa ya kwao Pemba."

Wakacheka!

Wallahi nilihisi masikio yanawaka. Boti ni yangu. Mashine ni yangu, nimeilipa mimi, nimeisimamia ilipokuwa mpya ikinyweshwa mchanganyiko mzito wa 25 kwa 1, petroli 25 kwa oili moja, mpaka ilipozoea, ndipo tukahamia 50 kwa 1. Mabaharia wanakula kwa mkono wangu. Mtoto ambaye hajawahi kuvuka hata mkondo wa Tumbatu ananifundisha oili, na akishindwa hoja ananitajia nazi! Zile nyota tatu nilizifuta palepale. Zile mbili pia. Nikamjibu, na niliyomjibu hayaandikiki.

Kelele zikamtoa baba yake chumba cha ndani. Mtu mzima, mstaarabu, akaniita "bi mkubwa", akaniomba radhi mbele ya wote, akamtuma kijana akaniletee kiti. Akachukua galoni langu, akaingia stoo mwenyewe, akatoka na mawili ya TC-W3, alama inaonekana, kifuniko hakijaguswa. Kumbe yalikuwepo siku zote! Hakutaka nyongeza. Akasema la pili ni kwa usumbufu. Nikasema moyoni: haya, huyu ni mfanyabiashara, mwanawe ndiye mtihani. Nikaanza kuzirudisha nyota, moja, mbili, nne.

Nikainuka, nikaaga. Kufika mlangoni nikageuka niulize bei ya kamba, maana kwa kamba hao hawana mpinzani mjini, nasema kweli. Nikamuona yule mzee, yuleyule mstaarabu, analipangusa galoni langu la theluji kwa kitambaa na kulirudisha kwenye rafu ya mbele, safu ya oili za boti.

Na nyuma yangu alikuwa anaingia kijana wa Nungwi, anataka oili ya 2T. Nikamshika mkono kabla hajafika kaunta. Nikamuonyesha galoni nililobeba, nikamwambia tafuta herufi hizi, TC-W3, na kwa mashine yako kama ni ya 50 kwa 1, chupa ya nusu lita ijaze sawasawa kwa kila lita 25 za petroli, dumu la 20 likihitaji mililita 400. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Shangazi, kwani wewe ndiye mwenye duka?"

Nikamwambia, "Ingekuwa hivyo, yakhe, yule wa theluji asingekuwa pale juu." Akalitazama galoni. Akamuuliza mzee ni shilingi ngapi. Ilikuwa rahisi kuliko yangu, na meli yangu ilikuwa inakaribia kuondoka, kwa hiyo sikujua alitoka na lipi.

Kamba nilinunua. Nzuri sana.